Kuchagua Matairi Mapya ya Gari Dogo la Kila Siku: Mwongozo kwa Madereva wa Malindi

Tairi la gari dogo linalozunguka Malindi kila siku, likitoka Maweni kwenda sokoni, likienda Gede au Watamu na mara mojamoja likishuka hadi Mombasa, aghalabu haliishi kwa kulika meno. Humalizwa na jua, na chumvi, na upepo pungufu, na jiwe la matumbawe linalokata ubavu pembeni mwa njia isiyo na lami. Kwa hiyo mnunuzi anayetazama meno peke yake, au jina la kampuni peke yake, huwa hajatazama panapouma. Mwongozo huu unamlenga mwenye gari la kawaida la kwenda kazini, shuleni na dukani, kama vile Vitz, Fit, Note, Axio au Probox, ambaye anataka kununua matairi na kukaa nayo miaka kadhaa bila kurudi kwa fundi wa pancha kila Jumamosi. Anayeishi kisiwani Lamu, ambako mizigo hubebwa na punda na gari huachwa ng'ambo Mokowe, asidhani kwamba hayamhusu, kwa sababu gari linalosimama juani wiki nzima huchakaza matairi yake kwa njia nyingine, na hatua ya nne imeandikwa kwa ajili yake pia.

Hatua ya kwanza: Yakague matairi ya zamani kabla hayajafunguliwa

Wengi hukimbilia dukani ilhali taarifa muhimu zaidi iko chini ya gari. Egesha gari mahali tambarare, kata usukani upande mmoja ili tairi la mbele litokeze, kisha chuchumaa utazame jinsi mpira ulivyolika. Ikiwa kingo zote mbili zimelika na katikati kumebaki, tairi limekuwa likitembea na upepo mdogo. Ikiwa katikati ndiko kulikolika, upepo umekuwa ukizidi. Ukingo mmoja tu ukilika, hasa ule wa ndani ambao hauonekani mpaka usukani ukatwe, alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu yakae sawa, imeharibika au kuna bushi (kipande cha mpira kwenye viungo vya magurudumu) iliyochoka. Pitisha kiganja juu ya meno, na ukihisi mawimbi, yaani pa juu na pa chini pakifuatana, shuku shokomzoba au gurudumu lisilobalansiwa. Kasoro hizi hurekebishwa kabla ya matairi mapya kufungwa, kwa maana alaimenti mbovu italila tairi jipya kama ilivyolila la zamani, na lawama itamwangukia muuza tairi asiye na hatia.

Baada ya hapo tazama ndani ya mifereji mikuu ya tairi. Kuna vijigongo vidogo vya mpira vinavyokatiza mfereji, na mahali pake huonyeshwa kwa herufi TWI au kwa pembetatu ndogo iliyochorwa juu ya ubavu. Vijigongo hivyo vina kimo cha milimita 1.6, wakati tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha karibu milimita 8. Meno yakilika hadi yakalingana na vijigongo, tairi limekuwa kipara na halina mjadala. Hata hivyo, mimi singengoja kufika hapo. Kati ya Aprili na Juni, masika inapopiga, maji hutuama kwenye lami, na tairi lililobakiwa na milimita mbili halina tena mifereji ya kuyapisha. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa huanza kuelea juu ya maji, usukani ukawa mwepesi ghafla na breki zisishike. Ukiona kina kimeshuka hadi milimita 3 na masika iko mlangoni, badilisha.

Yapo matairi yanayopaswa kutolewa siku hiyohiyo hata kama meno yake yangali marefu: lenye nundu ubavuni, lenye nyufa zinazoingia ndani, na lililochubuka hadi nyuzi zikaonekana. Nundu maana yake ni kwamba nyuzi za ndani zimekatika, pengine tairi lilipogonga shimo au kupanda tuta kwa kasi, na sasa upepo umezuiwa na mpira mtupu. Hakuna kiraka cha nundu, na fundi anayesema kipo usimrudie.

Hatua ya pili: Tambua ukubwa uliokusudiwa na kiwanda, si uliofungwa na mwenye gari wa kwanza

Fungua mlango wa dereva utazame nguzo ya mlango. Magari mengi yaliyoletwa kutoka Japani yana stika hapo. Maandishi yake ni ya Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka na kila mtu. Utaona maandishi ya mfano wa 175/65R14 82S, na kando yake kiasi cha upepo, kama vile 230 kPa, ambacho ni sawa na psi 33. Nakili vyote kwenye karatasi au upige picha kwa simu, kwa sababu muuzaji atakuuliza, na jibu la kusema "ni matairi ya Fit" halitoshi. Gari la jina moja huweza kuwa na ukubwa mbili au tatu kulingana na mwaka na toleo lake.

Katika mfano huo, 175 ni upana wa tairi kwa milimita. Tarakimu 65 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya ule upana, yaani ubavu una kimo cha karibu milimita 114. Herufi R huonyesha kwamba nyuzi za tairi zimepangwa kwa mtindo wa radiali, yaani zikikatiza tairi kutoka ukingo hadi ukingo, ambao ndio wa karibu magari yote madogo siku hizi, na 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tarakimu 82 na herufi S zinahusu uzito na kasi, nami nitazifikia baadaye kidogo.

Hapa Malindi kuna mazoea ya kuweka matairi makubwa zaidi ili gari linyanyuke na lisigonge matuta, hasa kwa wanaokwenda Marafa au kuingia njia za ndani za Magarini. Hesabu yake inafaa kufanywa kabla ya kutoa pesa. Tairi la 175/65R14 lina kipenyo cha karibu milimita 583. Ukifunga 185/70R14 kwenye rimu ileile, kipenyo huwa karibu milimita 615. Gari litanyanyuka kwa nusu ya tofauti hiyo, yaani sentimita moja na nusu tu, ilhali gurudumu limekua kwa zaidi ya asilimia 5. Mshale wa kasi ukionyesha 100, wewe unakwenda zaidi ya 105. Gari huwa zito kuondoka. Na tairi linaweza kukwaruza bodi ya ndani usukani ukikatwa hadi mwisho au gari likijaa watu. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kutovuka asilimia 3 ya kipenyo cha awali. Kwa hesabu hiyo 185/65R14, yenye kipenyo cha milimita 596, inaweza kukubalika kwenye gari hilo iwapo rimu inairuhusu, ingawa gari litanyanyuka milimita sita hivi, kiasi ambacho tuta la barabarani halitakitambua. Kwa maoni yangu mwenye shida ya kugonga chini atengeneze springi na shokomzoba zilizochoka kwanza.

Hatua ya tatu: Usishushe uzito unaobebwa na tairi

Ile 82 ni namba ya uzito. Si kilo 82, bali ni namba ya jedwali inayomaanisha kwamba tairi moja, likiwa na upepo kamili, linaweza kubeba kilo 475. Namba 84 ni kilo 500, 88 ni kilo 560 na 91 ni kilo 615. Herufi inayofuata ni ya kasi ya juu kabisa: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210. Hakuna anayepaswa kukimbia hivyo kati ya Malindi na Kilifi, lakini herufi hiyo pia huashiria uwezo wa tairi kuvumilia joto, na kwa hiyo unaweza kupanda juu ya ile iliyo kwenye stika, wala usishuke chini yake.

Suala hili linamhusu zaidi mwenye Probox. Probox za mizigo za toleo la 2014 na baada yake kwa kawaida zilitoka kiwandani zikiwa na matairi ya 155/80R14 yenye alama LT na namba 88/86N, yaani matairi ya gari la mizigo yenye nyuzi imara zaidi na yanayojazwa upepo mwingi zaidi. Herufi N ni kasi ya kilomita 140 tu, kwa maana tairi hilo limeundwa kwa kubeba. Mtu akienda dukani akauziwa tairi laini la abiria lenye upana uleule kwa sababu ni la bei nafuu, kisha akapakia magunia ya mkaa au makreti ya soda na kuondoka saa saba mchana, ubavu utapinda kila gurudumu linapozunguka, joto litajikusanya ndani, na meno yatabanduka kutoka kwenye nyaya za chuma huko njiani. Tairi lililopasuka namna hiyo likitazamwa baadaye hukutwa na meno mazuri kabisa, na ndipo watu husema liliwekewa jicho.

Hatua ya nne: Soma tarehe ya kutengenezwa, na uisome mwenyewe

Hii ndiyo hatua ninayoipa uzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Kwenye ubavu wa tairi tafuta herufi DOT. Zinafuatwa na herufi na tarakimu kadhaa, na mwisho wake kuna tarakimu nne zilizozungushiwa kiduara chenye umbo la yai. Mbili za kwanza ni juma la mwaka na mbili za mwisho ni mwaka. Maandishi 2321 yana maana ya juma la 23 la mwaka 2021, ambalo huangukia mwanzoni mwa Juni. Ukikuta tarakimu tatu tu badala ya nne, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000 na mahali pake ni makumbusho. Mara nyingi tarehe huchapwa upande mmoja peke yake, na upande huo ukielekezwa ukutani au ukafungwa ndani ya gari, hutauona. Kwa hiyo mwombe muuzaji akugeuzie tairi. Kagua yote manne, si moja lililowekwa mbele kama kielelezo, kwa sababu si ajabu kwa matairi ya rafu moja kupishana miaka.

Sababu ya kujali tarehe ni kwamba mpira huzeeka hata usipotumika. Oksijeni, ozoni, joto na mwanga wa jua huufanya uwe mgumu na kupasuka. Watengenezaji huchanganya ndani ya mpira nta na kemikali za kuukinga, na kemikali hizo hujipenyeza hadi juu tairi linapopindapinda barabarani. Tairi likikaa mahali pamoja bila kuzunguka, kinga hiyo haifiki juu ipasavyo. Ndiyo maana gari la Mokowe lenye kilomita chache linaweza kuwa na nyufa nyingi ubavuni kuliko teksi ya Malindi inayotembea mchana na usiku. Mwenye gari la namna hiyo aliegeshe kivulini, ajaze upepo kamili kabla ya kuliacha, na akague mbavu za matairi kila anaporudi kutoka kisiwani bila kujali meno yamebaki kiasi gani.

Wazee wanakumbuka matairi ya Yana yaliyotengenezwa Nairobi. Kiwanda hicho kilisimamisha utengenezaji mwaka 2016, na leo matairi mapya ya magari madogo yanayouzwa Pwani huja kwa meli. Kati ya kiwanda cha ng'ambo, kontena, ghala la Mombasa na rafu ya Malindi, miezi hupita, na hilo si kosa la mtu. Tairi la miezi sita au mwaka mmoja lililohifadhiwa ndani, mahali pakavu pasipo na jua, ni jipya kwa kila maana inayomfaa mnunuzi. Mimi huweka mpaka wangu kwenye miaka miwili. Likizidi hapo nadai bei ipunguzwe sana au naondoka. Baadhi ya kampuni za magari hupendekeza matairi yabadilishwe baada ya miaka 6, na baadhi ya watengenezaji wa matairi huruhusu hadi miaka 10 tangu tarehe ya kutengenezwa mradi yakaguliwe kila mwaka baada ya mwaka wa tano. Kwa jua letu, chukua ile sita. Maana yake ni kwamba tairi lililokaa miaka mitatu ghalani limeshakula nusu ya umri wake kabla hujalipa hata shilingi, na punguzo la bei lazima lifanane na hasara hiyo.

Angalia pia duka lenyewe. Matairi yaliyopangwa nje kuanzia asubuhi hadi jioni, yakipigwa na jua na upepo wa bahari, yanazeeka mbele ya macho yako hata kama tarehe yake ni nzuri. Muuzaji akikwambia, "Ami, hii ni mpya kabisa, haijagusa lami," anaweza kuwa anasema kweli tupu, na tairi likawa limechakaa vilevile.

Hatua ya tano: Amua kuhusu mtumba kwa hesabu, si kwa huruma ya mfuko

Matairi ya mtumba yana wateja wake na sababu inaeleweka. Tufanye hesabu ya milimita. Tairi jipya lina milimita 8. Ukilitumia hadi milimita 3, umetumia 5. Tairi la mtumba lenye milimita 5 lina milimita 2 tu za kutumika hadi kiwango hichohicho. Kwa hiyo likikugharimu zaidi ya sehemu mbili kati ya tano za bei ya jipya, kwa lugha nyepesi zaidi ya shilingi 40 kwa kila 100, umelipa ghali kuliko aliyenunua jipya, na hapo hatujataja umri wake, wala pancha zilizozibwa ndani usizoziona, wala mashimo liliyoyagonga katika nchi nyingine.

Kuna aina mbili za tairi lililotumika ambazo nashauri zikataliwe bila kujali bei. Ya kwanza ni tairi la theluji. Magari na matairi yanayotoka sehemu za baridi za Japani wakati mwingine huja na matairi yenye alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, au neno "STUDLESS", na meno yaliyojaa mikato myembamba sana. Mpira wake ni laini kwa makusudi, ili ubaki laini kwenye barafu. Kwenye lami ya Malindi hulika haraka, gari huyumba katika kona, na breki huchelewa. Aghalabu huonekana kuwa na meno mazuri, na hicho ndicho kinachowavutia watu.

Ya pili ni tairi kipara lililochongwa upya kwa kisu cha moto. Kulitambua si kazi ngumu ukitazama kwa karibu. Mifereji yake haiko sawa kwa upana, kingo zake ni kali na zina alama za kisu badala ya ulaini wa tairi lililotoka kwenye kalibu, na vile vijigongo vya TWI vimekatwa pamoja na mfereji au havipo kabisa. Juu yake hupakwa rangi nyeusi inayong'aa. Sugua kwa kidole kilicholowa uone kama kitatoka cheusi. Mpira uliobaki kati ya mfereji wa bandia na nyaya za chuma ni mwembamba mno, na jiwe dogo linatosha kuufikia waya.

Hatua ya sita: Linganisha ubora kwa alama zilizochapwa, kisha bei

Kwa gari dogo linalotembea zaidi kwenye lami, tairi la kawaida la barabarani linatosha, hata kama nyumbani kwako kuna nusu kilomita ya njia ya mchanga au mawe. Matairi yenye meno makubwa ya porini hupiga kelele, hula mafuta, na kwenye lami yenye maji hayashiki vizuri. Kinachosumbua zaidi katika njia za Watamu na Casuarina ni mawe ya matumbawe yenye makali, na dhidi ya hayo kinachosaidia ni ubavu ulio mrefu wenye nyuzi imara, pamoja na mwendo wa pole. Hii ndiyo sababu sishauri rimu kubwa zenye matairi ya ubavu mfupi kwa gari la kazi, hata zikipendeza namna gani mbele ya hoteli.

Matairi mengi huchapwa ubavuni alama za kipimo cha Kimarekani, kwa mfano TREADWEAR 400, TRACTION A, TEMPERATURE A. Ya kwanza hukadiria udumu wa meno. Namba kubwa ni udumu mrefu, ingawa kila kampuni hujipimia yenyewe, kwa hiyo itumie kulinganisha matairi ya kampuni moja tu. Ya pili ni mshiko wa breki kwenye lami yenye maji, na hushuka kutoka AA hadi C. Ya tatu ni uvumilivu wa joto, kutoka A hadi C. Kwa Malindi tafuta A kwenye joto na angalau A kwenye mshiko. Usiuze herufi hizo mbili ili kupata namba kubwa ya udumu, kwa maana tairi linalodumu sana mara nyingine hudumu kwa sababu mpira wake ni mgumu na unateleza. Matairi yaliyoandaliwa kwa soko la Ulaya yanaweza kuwa na stika ya rangi inayoonyesha mshiko wa maji na utumiaji wa mafuta kwa herufi A hadi E, na sauti kwa desibeli.

Kuhusu majina ya kampuni nitasema jambo moja tu: kati ya tairi la kampuni maarufu lililotengenezwa miaka minne iliyopita na la kampuni ya bei ya wastani lililotengenezwa mwaka huu, lenye ukubwa sahihi na herufi nzuri, chagua la pili.

Hatua ya saba: Ukinunua mawili, yaweke nyuma

Bora kununua manne. Gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne linahitaji hasa matairi yanayolingana, kwa sababu tofauti ya kipenyo huichosha mitambo ya kugawa nguvu. Mfuko usiporuhusu, nunua mawili yanayofanana kwa kila hali, uyafunge kwenye ekseli moja, na ekseli hiyo iwe ya nyuma.

Fundi atakubishia. Atasema gari lako linavutwa na magurudumu ya mbele, usukani uko mbele, na matairi ya mbele ndiyo yanayolika haraka, kwa hiyo mapya yaende mbele. Yote aliyosema ni kweli ila hitimisho lake. Tairi chakavu la mbele likiteleza kwenye maji, gari hugoma kukata kona na dereva huhisi kwenye usukani, akaachia mafuta na gari likarudi. Tairi chakavu la nyuma likiteleza, mkia wa gari huzunguka kuja mbele, na dereva wa kawaida hana muda wala ujuzi wa kuurudisha.

Hatua ya nane: Simama palepale wakati wa kufunga

Kabla ya kulipa, uliza kama bei inahusisha kufunga, vali mpya, kubalansi na alaimenti, na uchukue risiti ya eTIMS (mfumo wa risiti wa mamlaka ya kodi, KRA), kwa sababu bila risiti hakuna dhamana ya kudai. Kisha usiende kunywa chai. Tairi la zamani likishatoka, tazama ukingo wa rimu mahali tairi linapokaa. Hewa ya bahari hula rimu za aluminiamu, ikaacha unga mweupe na vipele; tairi jipya likikalia hapo litavujisha upepo polepole na utazunguka kwa mafundi wa pancha wasione tundu. Mwombe fundi asugue pahali hapo kwa brashi ya waya hadi pawe safi. Vali za mpira zibadilishwe zote, kwa kuwa ni rahisi na hukauka kama tairi lenyewe.

Tairi lenye mshale na neno "ROTATION" lizunguke upande wa mshale gari likienda mbele, na lenye neno "OUTSIDE" neno hilo litazame nje. Nati zianzwe kwa mkono, kisha zikazwe kwa kupishana, si kwa kufuatana. Mashine ya upepo ikiachiwa ikaze hadi mwisho, nati hukazwa kupita kiasi, na siku ya pancha njiani Gongoni spana ya gari haitazifungua. Toyota ndogo nyingi huhitaji nguvu ya niutoni-mita 103, na gereji nzuri huwa na spana ya kupima. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kama vile safari ya kwenda Watamu na kurudi, nati zikaguliwe tena. Kwa kilomita mia tatu za mwanzo endesha kwa utulivu, hasa kwenye maji, mpaka ngozi laini ya juu ya mpira mpya ilike.

Upepo ujazwe kwa kufuata stika ya mlangoni, si namba iliyo ubavuni mwa tairi, ambayo ni kikomo cha tairi na si pendekezo la gari. Mhudumu wa kituo cha mafuta akiuliza aweke ngapi, usimjibu "weka tu thelathini". Mtajie namba yako. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kuwa kila nyuzi 10 za joto huongeza psi moja hadi mbili, na anayepunguza upepo wa tairi lililopata joto mchana ataamka na tairi pungufu. Nunua geji yako ndogo na upime mara moja kwa mwezi na kabla ya kila safari ndefu. Naitrojeni inayouzwa kwa bei ya juu unaweza kuiacha: hewa ya bure tayari ni asilimia 78 naitrojeni. Kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000 badilisha matairi ya mbele na ya nyuma ili yalike kwa usawa.

Spea na matairi yaliyotoka

Spea husahaulika chini ya buti hadi siku inapohitajika. Soma tarehe yake kama ulivyosoma nyingine, na uijaze upepo. Ikiwa ni ile nyembamba ya muda, kwa kawaida huhitaji psi 60 na haipaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Ikiwa moja kati ya matairi uliyoyatoa lingali na meno ya kutosha, halina nundu na halijavuka umri, laweza kuwa spea.

Yaliyobaki mwachie fundi, ambaye huwa na watu wa kuyachukua, wakiwemo wachonga akala. Usiyarundike uani. Tairi hukusanya maji ya mvua mahali pasipofikiwa na jua, na mbu wa aina ya Aedes, anayeeneza dengi na chikungunya, hupenda kutaga hapo; mlipuko wa chikungunya wa mwaka 2004 ulianzia hapa kwetu Pwani, huko Lamu. Anayetaka kulitumia tairi kama kitalu cha maua au bembea ya watoto alitoboe matundu kadhaa upande wa chini ili maji yasituame.